Kitoto Kilichonukia Karafuu

Kitoto kile cheupe kilinukia karafuu.

Nilikiinua kutoka kiotani, nikakisogeza puani, nikakirudisha, nikakiinua tena. Kitoto cha sungura cha siku chache hunuka maziwa, manyoya ya mama yake na mkojo kidogo. Hiki kilinukia liwa na karafuu, kama mama mzazi aliyetoka kusingwa mwili kwa manukato. Nikainua mmoja wa wale weusi. Karafuu. Nikainua mwingine. Karafuu. Kizimba kizima kilinukia kama chumba cha mwali. Nyuma yangu shemeji yangu Nassibu alikuwa ameshikilia nguzo ya kamba ya nguo, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kipo," alisema. "Mama, njoo uone. Cheupe kipo."

Mama yake alisimama mlangoni mwa jiko, mikono ameificha ndani ya kanga. Hakusogea. Hakuwaangalia sungura. Aliniangalia mimi.

Nyumba ile ipo mpaka leo Kariakoo, nyumba ya chini ya vyumba sita na ukumbi katikati, imebanwa na maghorofa mawili kama mtoto aliyelazwa kati ya wazazi wanene. Jua huingia uani mchana, likasalimu, likaondoka. Bi Sabaha, mama yake Nassibu, aliachiwa nyumba hiyo na marehemu mumewe, na hakuna dalali aliyepata kumaliza chai yake pale. Dada yangu Hajira aliolewa humo na Nassibu, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akiuza chaja na makava ya simu Msimbazi. Mimi nilimfuata dada baadaye, nikitoka chuoni na stashahada ya mifugo bila mfugo hata mmoja. Nikapewa chumba cha nyuma na kona ya ua. Kwenye kona nikaweka vizimba, na humo sungura wawili weusi tii, dume na jike.

Niliwanunua kwa Marcelino, Mmakonde wa Newala anayeuza bata, njiwa na sungura kando ya soko. Yeye hakuwa na weusi tu. Alikuwa na weupe wa namna mbili: wenye macho mekundu kama punje za komamanga, na wengine, kwenye kizimba cha chini, wenye macho meusi. Nilimuuliza asili ya wale wangu. Akaapa kwa Mama Maria kwamba baba wa dume alikuwa mweupe wa macho mekundu, na mama wa jike vilevile. Mimi simwamini muuzaji anayeapa kabla hajashukiwa. Lakini nilifurahi, maana nilichosomea kilisema kitu kizuri kuhusu weusi wa namna hiyo: weupe wao haujaenda popote. Umefunikwa tu.

Hajira alijifungua wakati wa masika. Jangwani palijaa maji na barabara ikafungwa, kwa hiyo ndugu wa Magomeni hawakuweza kuvuka kuja kumwona mtoto. Siku zile za kwanza tuliishi kwa amani. Nikikumbuka sasa, natamani maji yale yangechelewa kukauka.

Maana yalipokauka, wakaja. Wanawake wa kwetu wanajua kwamba mtoto mchanga asihukumiwe kwa uso, hata mkaa huzaliwa umepauka. Wakatazama masikio, ambako rangi ya kweli hutangulia. Wakatazama mizizi ya kucha. Kisha wakasifu uzito. Mtoto alikuwa mweupe wa masikio, mweupe wa kucha, na nywele zimemlalia kichwani kama zimepakwa mafuta. Hajira ni mweusi. Nassibu ni mweusi kumzidi.

Na Hajira, kabla ya kujifungua, alikuwa akiuza vitenge mtaa wa Congo, kwenye duka la Hamood.

Hakuna aliyelitaja jina la Hamood ndani ya nyumba ile. Halikuhitaji kutajwa. Alikuwa Mwarabu mstaarabu, baba wa mabinti watatu, anayewasalimu wafanyakazi wake kabla hawajamsalimu. Alituma chandarua cha mtoto, kipya, ndani ya mfuko wa duka lake. Bi Sabaha alikipokea kwa ncha za vidole, akakitundika kwenye msumari wa ukumbini ambapo kila aingiaye atakiona, na pale kikabaki ndani ya mfuko wake. Kule Msimbazi vijana wenziwe Nassibu walikuwa na salamu mpya. Mambo, Baba Mwarabu? Naye alikuwa anajibu poa, anauza chaja, anarudi nyumbani na kulala ukumbini kwenye mkeka.

Bi Sabaha hakumtuhumu mkwewe kwa neno. Alitumia jiwe. Nyumba ile ilikuwa na jiwe la kusagia liwa, la Lindi, limechakaa katikati kama unyayo. Mzazi wa kwetu, siku zake arobaini, husagiwa liwa na karafuu, akasingwa mwili mzima na mama mkwe au na shangazi, mpaka mifupa irudi mahali pake. Jiwe lile liligeuzwa juu chini, likaegemezwa ukutani, kavu. Mimi nilimkanda dada yangu kwa maji ya moto, na kila nilipopita jikoni jiwe lilinionyesha mgongo.

Siku ya saba mtoto alinyolewa. Jina hutolewa na bibi yake. Bi Sabaha alisema kichwa kinamuuma. Basi mtoto akabaki mtoto. Mtoto amelala, mtoto analia, mpeni mtoto. Na ikapita kauli, sijui ilianzia mdomo gani, kwamba arobaini ikiisha Hajira apelekwe kwao Lindi akapumzike. Kila mtu alijua ni mapumziko ya aina gani. Mwanamke aliyerudishwa kwao na mtoto asiye na jina hupumzika mpaka kaburini.

Nassibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitamka siku moja kwamba kuna kipimo cha vinasaba, watu wanapima, jibu linatoka, mambo yanaisha. Nikasema ndiyo, haraka kuliko nilivyopaswa. Nilidhani Bi Sabaha ataridhia kuliko sote. Nani angetaka jibu kumzidi yeye?

"Damu ya ukoo wangu haiingii kwenye chupa ya mtu," alisema, akainuka, na sahani yake ya wali haijaguswa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia yeye badala ya kumwangalia dada.

Lakini nisijisafishe. Dada nilimwangalia pia. Hajira aliacha kazi dukani mimba ikiwa na miezi sita, na hakusema kwa nini. Simu yake aliilaza kifudifudi. Nilipokuwa namkanda niliutafuta uso wake, kama yule askari wa usalama barabarani anayejua lipo kosa, ila hajajua ni taa au bima. Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, dada, niambie mimi tu.

Aliuvuta mgongo wake kutoka mikononi mwangu. "Na wewe pia?" alisema.

Sikumuuliza tena. Mpaka leo sijamuuliza.

Jike wangu alikuwa na mimba wakati huo. Ijumaa moja baada ya swala nilimkuta Nassibu barazani na ubao wa drafti, hana wa kucheza naye. Nikakaa mbele yake, nikachukua visoda, vile vizibo vya chupa, vya rangi nyeusi na vya rangi nyeupe. Nikamweleza kwamba kila kiumbe kina mafungu mawili ya rangi, moja kapewa na baba, jingine na mama. Nikaweka kisoda cheusi juu ya cheupe.

"Unaona rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeupe imekwenda wapi?"

"Ipo chini."

"Haya. Baba yuko hivi, mama yuko hivi. Kila mmoja akitoa kile cha chini, mtoto atapata nini?"

Nassibu aliviangalia visoda kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta alioegemea miaka yote. Nilijua kwamba rangi ya binadamu haina visoda viwili tu, ina vingi, vinachanganyika. Sikumwambia. Mtu anayezama humpi somo la kuogelea, unampa kamba.

"Mjukuu wangu si kisoda." Bi Sabaha alikuwa nyuma ya pazia la mlango, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Alitoka akasimama juu yetu. "Wala si sungura."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu wa sungura. Endelea. Na mimi nisome."

Ulimi wangu umeniponza mara nyingi, ila siku ile ulikimbia mbele na kuniacha nikihema. Nikasema kwamba jike wangu ni mweusi, na dume ni mweusi, na hakuna dume mwingine aliyekanyaga kizimba kile. Nikasema kwamba akizaa, miongoni mwa watoto wake atakuwepo mweupe.

"Halafu?" Nassibu aliuliza.

"Halafu utajua kwamba weusi wawili huzaa mweupe, bila mgeni kuingia uani."

Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, akatutazama, akaendelea na safari.

"Na asipozaa mweupe?" aliuliza Bi Sabaha. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza taratibu, kama anayetaka kujua. Kisha akajijibu mwenyewe. "Asipozaa, utamsindikiza dada yako Lindi. Asije akakosa wa kumfundisha."

Nassibu hakupinga. Alikusanya visoda vyake, kimoja kimoja.

Kuanzia pale niliishi kama mlinzi wa benki. Nilinunua kufuli, nikafunga kizimba, ufunguo nikautia kwenye uzi shingoni. Nilimkuta Bi Sabaha amechuchumaa mbele ya sungura mara mbili, akimtazama jike, hafanyi lolote. Nilinusa maji ya sungura. Nilibadilisha majani aliyowatupia. Nilishuku kwamba atamtoa jike mimba, na nikashuku kwamba Marcelino aliniuzia uongo, na kila nilipomwona dada akimnyonyesha mtoto akiwa amegeukia ukuta, nikamshuku na yeye.

Asubuhi moja nilipanda juu ya kreti ya soda ili nifunge turubai la kizimba, na kichwa changu kikapita ukuta wa bafu, ambalo halina paa. Bi Sabaha alikuwa anaoga. Sikuwa nimewahi kumwona bila nguo kichwani. Alifunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, vimekazwa mpaka kwenye nyusi. Alilala navyo, aliugua navyo. Sasa vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari. Nywele zake, nyeupe kwa umri, zilimshuka hadi kwenye mabega, zimelala, zinachuruza maji.

Bi Sabaha ambaye kila mgeni alielezwa kwamba yeye ni Mmwera wa Nyangao, bara kabisa, wala bahari hakuijua hadi alipoolewa.

Aliinua macho. Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa cha kwanza, akafunga, akachukua cha pili, akafunga.

"Macho yako yana njaa, Somoe," alisema.

Nikashuka.

Jike alizaa wiki ile. Alikuwa amejinyonyoa manyoya ya kifua, akawafunika wanawe, kiota kinapumua kama kifua cha mtu. Watoto wa sungura huzaliwa uchi, na watu wa nyumbani walijua kwamba lazima tusubiri manyoya. Mimi nilijua zaidi. Ngozi husema kabla ya manyoya. Atakayekuwa mweupe huwa waridi, kama ulimi. Atakayekuwa mweusi huwa na kivuli, kama amepakwa masizi. Nilifunua, nikawageuza mmoja mmoja. Walikuwa saba. Wote masizi.

Nilifunika. Nikawaambia tusubiri manyoya.

Nilikwenda kwa Marcelino kugomba, naye akaapa tena, safari hii kwa mama yake mzazi. Huenda alidanganya. Huenda alisema kweli: kila mtoto huwa na nafasi moja tu kati ya nne, na ukirusha mara saba unaweza kukosa mara saba. Weupe unaweza kuwepo na usitokee. Hayo ningesimama kuyaeleza pale barazani, na nisingemlaumu ambaye angecheka. Nikatembea hadi Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye majani kati ya watu wasionijua, nikapanga maneno ya kumwambia dada. Nilikuwa nimemtabiria rangi mnyama, na sasa dada yangu atafungasha kwa sababu yangu.

Niliporudi nikatoa kufuli kwenye kizimba, Bi Sabaha akiniangalia kutoka jikoni. Hakukuwa na cha kulinda tena.

Siku mbili baadaye, wakati ukoka mweusi wa manyoya umeanza kuwatokea wale saba, Nassibu aliinamia kizimba kabla ya kwenda kazini, akapiga ukelele. Nikatoka mbio. Walikuwa wanane. Wa nane alikuwa mweupe, amejibanza katikati ya wenzake, ananyonya kama mwenye haki. Na wote walinukia karafuu.

Nilijifunza hila ile chuoni, kwenye somo la kuasilisha watoto: ukitaka mama ampokee mgeni, wapake wote harufu moja kali, asijue wake ni yupi. Bi Sabaha hakusoma chuoni. Alikulia kwenye mbuzi na bata. Niligeuza macho kuelekea jikoni. Jiwe la liwa lilikuwa limelala chali sakafuni, na tumbo lake lilikuwa limelowa.

Ndiyo, alikuwa ameingia kwenye kizimba changu. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa adui aliyekuja kuua, na huyu alikuwa ameleta.

Hajira alikuwa ametoka, mtoto begani, kanga ya uzazi imemfunga tumbo. Hakuja karibu. Nassibu alikigeuza kitoto kwenye kiganja chake kipana, anacheka, analia, ananiambia shem, shem, na hawezi kumaliza.

Bi Sabaha akasema kutoka mlangoni, "Mwalimu. Umesimama hapo umekauka? Tuambie. Ndiye huyu uliyemtabiri?"

Nimeulizwa maswali mengi tangu siku ile, na wakubwa, ofisini na barabarani, na sijaulizwa lililokuwa zito kama lile. Aliyenitega alikuwa ananiomba. Nilizitazama nyusi zake chini ya vitambaa viwili. Nikafikiria mawili. La kwanza, kwamba mwanamke huyu anajua weupe ule umetoka wapi, maana ameufunga kichwani mwake maisha yake yote, na hawezi kuusema bila kumfukua mama yake au bibi yake na kumlaza mbele ya watu. La pili, kwamba hajui lolote kuhusu dada yangu, anaogopa chupa ya vipimo kwa sababu ileile niliyokuja kuiogopa na mimi, na ameamua mwanawe asiaibike Msimbazi. Mawili yale yalinitazama kwa macho yake yale yale. Sikuweza kuyatenganisha.

"Ndiye, mama," nilisema.

Akaguna. Akaingia jikoni, akatoka na bakuli la liwa mbichi, akapita mbele yangu bila kunigusa, akamchukua Hajira mkono. "Twende ndani," alimwambia. "Mgongo wako umekaa siku nyingi mno." Mlango ukafungwa. Tulisikia viganja vyake vikipiga mwili, pa, pa, na baadaye tukamsikia dada yangu akilia, kilio kirefu cha mtu anayeteremshwa mzigo, na Bi Sabaha hakumnyamazisha.

Jioni ile chandarua cha Hamood kilitolewa kwenye mfuko, kikafungwa juu ya kitanda cha mtoto. Msimbazi nako, Nassibu aliwaeleza wenzake habari za visoda kwa wiki nzima, hadi wakaanza kumwita Profesa Sungura, jina ambalo alilibeba kwa raha.

Siku ya arobaini, ukumbi umejaa ndugu wa Magomeni na harufu ya pilau, Bi Sabaha alimpakata mtoto akamwita Mauza, jina la Kiarabu. Watu wakatazamana. Nassibu akasema jina zuri, ila hajalisikia kwenye ukoo, limetoka wapi?

"Kwetu," alisema Bi Sabaha, akaomba maji.

Yule mweupe alifumbua macho mapema kuliko wenzake, jambo ambalo mimi peke yangu niliona. Yalikuwa meusi. Weupe ambao ungejificha ndani ya sungura wangu ungekuja na macho mekundu. Huyu alikuwa wa kizimba cha chini cha Marcelino, na angezaliwa na wale wawili kama mimi ningezaliwa na balozi. Nilingoja mtu aulize. Hakuuliza mtu. Asubuhi moja Bi Sabaha alinikuta nimemshika, namtazama usoni.

"Utawapandisha tena wale wazee?" aliuliza.

Ningeweza. Mimba moja, kufuli moja, na ningejua kama Marcelino aliapa kweli, na kama utabiri wangu ulikuwa elimu au ulikuwa mdomo tu. Stashahada yangu yote ilikuwa inaniambia nipandishe.

"Hapana, mama," nilisema. Wiki ile nilimrudisha dume kwa Marcelino, nikachukua bata.

Mauza sasa anasoma chekechea. Wiki iliyopita nilikwenda kuwasalimu nikamkuta ameketi uani kati ya magoti ya bibi yake, kichwa kimelowa, nywele zimemfika mgongoni, zimelala. Bi Sabaha ameanza kupoteza nuru ya macho, anachana kwa kupapasa. Alizisokota, akazikunja, akafunga kitambaa. Kisha akapapasa begani mwake, akatoa cha pili, akakifunga juu ya kile cha kwanza, akakaza hadi kwenye nyusi.

"Bibi, kinabana," alisema mtoto.

"Utazoea," alisema Bi Sabaha, akageuza uso kuelekea niliposimama, kama aliyejua tangu mwanzo kwamba nipo.